Sura ya Tano: Bonyeza Mbili

Badruddin hakumkaribisha Bi Malak kiti. Alifunga mlango wa ofisi yake, akauvuta tena kuhakikisha umefungika, kisha akaweka simu ya mkononi juu ya meza na kuicheza rekodi. Ikatoka milio ya vitufe, ile ambayo kila mtu huisikia akibonyeza nambari, ila hii ilikuwa na makwaruzo, kama sauti ya mtu aliyelala na mafua. Mlio ulilia, ukajirudia papo hapo, ukakatika. Mwanamume akasema, "Aa, tena?" Mwanamke akacheka.

"Umesikia?"

"Nimesikia milio mibovu."

"Na kicheko?"

"Na kicheko pia."

"Huyo ni mke wangu," alisema Badruddin.

Bi Malak Hadi alijikaribisha kiti mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimaliza mbele ya mtambo wa simu wa kampuni moja ya meli, akiunganisha watu na kuwasikia wakidanganyana. Kampuni ilipoleta mtambo unaojiendesha wenyewe, yeye alipewa cheti na saa ya ukutani. Tangu hapo ofisi za mjini humwita panapopotea kitu au panaposemwa uongo. Wanaomsema kwamba ni mbea huwajibu kuwa umbea ni bure, upelelezi una leseni.

Duka la Qaidjohar na Wanawe lilikuwa katikati ya Mji wa Kale, likiuza rangi za meli, kamba na minyororo. Duka lilikuwa chini, ofisi ghorofa ya kwanza, na nyumba ya Badruddin na mkewe Hussaina ghorofa ya pili. Mzee Qaidjohar alikuwa amefariki miezi saba iliyopita. Badruddin, mwanawe, aliyekuwa akisimamia tawi la Nairobi na kuja Mombasa mwisho wa mwezi tu, alirudi kushika kazi ya baba. Alikuta mkewe anaiendesha ofisi, na wateja wote wanamjua kwa jina.

Alimsukumia Bi Malak karatasi. "Hii nimeitoa kwenye mtambo. Nambari ya ndani ishirini na mbili ni ya Hussaina. Nambari hii inayompigia ni ya Ziad, wakala wa meli kule Mbaraki. Tazama saa."

Bi Malak alitazama. 02:14. 02:15. 02:17. Siku ya pili yake, 02:12, 02:13. Ilikuwa hivyo kila siku ya kazi kwa wiki tatu.

"Saa nane za usiku!" Badruddin alipiga meza kwa kiganja. "Mimi hulala kwa vidonge, Bi Malak. Nikishalala ni maiti. Kutoka kitandani kwangu hadi simu hiyo ni ngazi kumi na nane tu."

"Na milio?"

"Ni ishara. Sikiza vizuri, inalia mara mbili mbili. Wanabonyezana. Dalili ya mvua ni mawingu."

"Umemuuliza Hussaina?"

"Nimuulize ili ajitayarishe?" Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyepumzika hata akilala. "Nimemwita kaka yake. Anakaa Ganjoni, atakuwa hapa baada ya adhuhuri. Ukinithibitishia kwamba nimekosea, atakunywa chai arudi zake. Ukishindwa, ataondoka na dada yake, na talaka itawafuata."

Saa ya Bi Malak ilisema saa tatu na nusu asubuhi. Alikuwa na masaa matatu ya kumwokoa mwanamke asiyejua kwamba anazama.

"Rekodi hii umeipata wapi?"

"Mteja alinitumia."

Aliicheza tena mpaka mwisho. Baada ya yule mwanamume wa kwanza alifuata wa pili mwenye sauti nene, kisha wa tatu mwenye kikohozi, kila mmoja akibonyeza na kulalamika. Alirudisha simu, akakunja karatasi akaitia mkobani.

*

Kwenye meza ya mapokezi alikaa Purity, msichana wa Taita aliyekuwa amechoka kulaumiwa. Alipoulizwa juu ya milio alishika kichwa.

"Mama, hiyo ni shida ya mwezi mzima. Mtu anapiga, mtambo unamwambia, kwa mauzo bonyeza moja, kwa stoo bonyeza mbili, ama bonyeza nambari ya ndani. Anabonyeza, inakoroma, anapotea. Wengi wanaishia kwa Mama Hussaina."

"Na fundi?"

"Bosi amesema tusimwite."

Bi Malak alitoka hadi kwenye ngazi, akapiga nambari ya duka kwa simu yake mwenyewe. Sauti ilipomkaribisha alibonyeza mbili, mara moja tu, kwa adabu. Mlio ukakoroma sikioni mwake. Alipokuwa bado akiusikiliza, simu ikapokelewa.

"Ulitaka stoo, najua," ilisema sauti ya mwanamke, nyepesi na changamfu. "Umefika kwangu. Usijali, niambie wataka nini, nitawapelekea mwenyewe."

Ilikuwa sauti ya kumfanya mtu aagize pipa la rangi asilolihitaji. Bi Malak alikata.

Hussaina alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa rida ya samawati, lile vazi la wanawake wa Kibohora, na meza yake ilikuwa imejaa karatasi za maagizo zilizopangwa kwa usafi. Alimtazama mgeni akiingia, akatabasamu.

"Sabalkheri. Weye ndiwe uliyenikatia simu sasa hivi?"

"Sabahannur. Ndimi. Nimekuja kuangalia milio."

"Alhamdulillahi! Nimemwambia mume wangu mara nne aite fundi. Asema niache, mambo ya simu si yangu."

"Ziad wa Mbaraki humjua?"

"Nani asiyemjua? Kila asubuhi ataka kamba. Abonyeza stoo, afika kwangu. Arudia, afika kwangu. Mara ya tatu twabaki kucheka."

"Na usiku?"

Kicheko kilimtoka Hussaina usoni. "Usiku ofisi yafungwa. Ufunguo anao mume wangu." "Bi mkubwa, weye ni fundi wa simu kweli?"

"Nilikuwa opereta," alisema Bi Malak, na hilo halikuwa uongo.

Majibu yalikuwa mazuri, lakini mwenye hatia pia angeyatoa hayo hayo. Karatasi ilisema saa nane za usiku, na karatasi haioni haya. Ilimpasa kuiona orodha nzima ya simu, si kipande alichokatiwa na mume mwenye wivu. Orodha hiyo angeweza kuitoa mtu mmoja, na Bi Malak hakumpenda.

*

Kashif alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Makadara, kati ya muuza viazi karai na duka la mapazia. Ndiye aliyefunga mtambo wa Qaidjohar. Ndiye pia, miaka kumi na mbili iliyopita, aliyefunga ule uliomwondoa Bi Malak kwenye kiti chake. Alikuwa hajamsamehe. Njia nzima, akikwepa tuktuk na mikokoteni, alikuwa ameshamhukumu. Fundi anaujua mtambo, fundi anaweza kubadili nambari, fundi anaweza kumuuza mke wa mtu kwa kitufe kimoja. Alimwonea wivu kijana yule kwa miaka yote hiyo, na leo alitamani sana awe na hatia.

"Umeufanya nini mtambo wa Qaidjohar?" aliuliza, hata salamu hakutoa.

Kashif aliweka chini bisibisi. "Salaam aleikum, Bi Malak."

"Waleikum salaam. Umeufanya nini?"

"Sijaugusa. Badrubhai alinipigia tarehe mosi, akanambia nisikanyage kwake tena, amepata fundi mwingine."

"Fundi gani?"

"Hakunambia. Nami niliona wivu, sikuuliza. Ule mtambo niliulea tangu mdogo." Alimtazama Bi Malak machoni. "Ulitaka niwe mimi."

"Nilitaka sana," alisema Bi Malak. "Haya, nioneshe orodha nzima."

Kashif alifungua kompyuta yake. Neno la siri la mtambo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Orodha ilijaa kioo, nambari zote za ndani, wiki zote tatu na mwezi uliozitangulia. Bi Malak alivaa miwani akaanza kuteremka kwa kidole. Simu ya kwanza ya jana iliingia 02:01. Zikafuatana, msongamano mkubwa ukawa kati ya 03:00 na 05:00, zikapungua, ya mwisho ikawa 10:52. Baada ya hapo kimya, mpaka 02:03 ya siku iliyofuata. Aliangalia juzi. Ilikuwa hivyo hivyo. Aliangalia wiki iliyopita. Vivyo hivyo.

"Kashif."

"Naam."

"Purity hupokea simu arobaini saa kumi za alfajiri?"

"Purity? Saa kumi za alfajiri hata jogoo wao hajaamka."

"Na mchana kutwa wa saa nane, saa tisa, hapana mteja hata mmoja anayepiga?"

Kashif aliinama kuitazama orodha, kisha akaanza kucheka mpaka muuza viazi akageuka. "Hiyo ni saa ya Mzee!"

"Saa ya Mzee gani?"

"Mzee Qaidjohar, Mungu amrehemu. Siku nilipoufunga mtambo alisimama mbele ya kioo chake. Kikasoma nane kamili. Akanambia, kijana, mtambo wako mwongo, sisi twafungua saa mbili. Nikamweleza, akakataa. Akasema katika duka lake saa zitahesabiwa kama wahesabuvyo watu. Basi nikaurudisha nyuma masaa sita. Tangu siku hiyo ule mtambo wasoma saa kwa Kiswahili."

Bi Malak alivua miwani. Alitoa karatasi mkobani akaisoma upya. 02:14. Haikuwa saa nane za usiku kamwe. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi na nne asubuhi, mlango wa duka umefunguliwa, Purity yuko mezani, na Ziad ataka kamba. Mzee aliandika kwa saa zetu, mwanawe akasoma kwa saa za Kizungu alizozizoea Nairobi, na katikati hapo mwanamke alikuwa akipoteza nyumba yake.

"Na milio?" aliuliza. Alipiga nambari ya duka, akamwekea Kashif simu sikioni, akabonyeza mbili.

Kashif alisikiza uso umekunjika. Alisikiza kama daktari anayesikiza kifua, na Bi Malak, kwa shingo upande, alilazimika kukiri kwamba kijana alikuwa na sikio.

"Kuna kitu kimekaa juu ya laini," alisema. "Chaushika mlio na kuurudisha. Mtu abonyeza mbili, mtambo wasikia mbili, halafu mbili tena."

"Ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili. Kwa Hussaina moja kwa moja."

"Tangu lini?"

Walirudi kwenye orodha. Mpaka tarehe mosi, simu za Ziad zote ziliingia stoo. Kuanzia tarehe pili, asubuhi, zikaanza kwenda ishirini na mbili, na si zake tu. Wateja kumi na tisa walikuwa wamefanya vile vile, ila Badruddin alichagua mmoja wa kumuumiza.

"Tarehe mosi ndiyo siku uliyokatazwa," alisema Bi Malak.

"Na ndiyo siku aliyokuja fundi mwingine," alisema Kashif.

Adhana ya adhuhuri ilianza wakati Bi Malak anaita tuktuk.

*

Kisanduku cha nyaya kilikuwa nyuma ya meza ya Purity. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Bi Malak aliinama, magoti yakilia. Nyaya za Kashif zilikuwa zimegeuka rangi ya chai kwa umri. Mmoja tu ulikuwa mweupe, mpya. Aliufuata kwa kidole. Ulipanda ukutani, ukapita juu ya mlango wa Hussaina, ukaambaa na dari mpaka mwisho wa ukumbi. Hapo ukazama kwenye tundu lililotobolewa juzijuzi, vumbi la chokaa bado liko chini yake. Upande wa pili wa ukuta ule ilikuwa ofisi ya Badruddin.

Alimkuta amesimama. "Umepata?"

"Kabati lile lina nini?"

"Mafaili."

"Lifungue nione mafaili."

"Bi Malak, nilikuita umchunguze mke wangu."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Bwana Badruddin. Fungua."

Alifungua. Ndani, juu ya mafaili, kilikaa kisanduku cheusi cha ukubwa wa kitabu, taa nyekundu inawaka, na waya mweupe umeingia mgongoni mwake. Bi Malak aliuchomoa. Akapiga nambari ya duka kwa simu yake, akabonyeza mbili. Mlio ulitoka safi.

"Stoo!" ilipaa sauti nene ya mwanamume kutoka chini.

"Samahani, nimekosea nambari," alisema Bi Malak, akakata.

Alimweleza yote. Alimweleza saa ya babake, akamwonesha orodha nzima, mlio unaorudiwa, mbili inayogeuka ishirini na mbili. Alisema polepole, akirudia kila hatua, maana mtu mwenye wivu husikia nusu ya maneno tu.

"Nawe ulinidanganya juu ya rekodi. Mteja mmoja hawezi kuwa na sauti tatu. Uliwanasa mwenyewe. Na kama uliwanasa uliwasikia wanasema nini. Wanasema kamba."

"Nilidhani kamba ni neno lao," alisema Badruddin kwa sauti ndogo.

Kisha aliketi, akafunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Bi Malak alidhani analia, kumbe anacheka. "Basi hakuna kitu! Hakuna kitu, Bi Malak! Kaka yake akija tutakunywa chai."

"Kilikuwapo kitu. Ziad alianza kufika kwa mkeo tarehe pili. Kisanduku kilikuja tarehe mosi. Tarehe mosi ulikuwa wasikiliza nini?"

Kicheko kilikwisha. Badruddin alitazama waya uliolala juu ya meza.

"Alikuwa anacheka," alisema mwishowe. "Nikipita mlangoni kwake anacheka na watu wa meli, anacheka na watu wa rangi. Hata na marehemu babangu, kila nikipiga kutoka Nairobi niliwasikia wanacheka pamoja. Kwangu mimi husema chakula tayari."

"Kisanduku hicho chatega masikio tu, au chaweka na sauti?"

Sauti ilitoka mlangoni. Hussaina alikuwa amesimama pale na kaka yake nyuma yake, mtu mnene aliyekuwa bado ameshika kofia mkononi, hajui aseme masalkheri au anyamaze. Hakuna aliyejua wamesimama tangu lini.

"Karibuni, karibuni!" Badruddin aliruka. "Bhai, ndugu yangu, kaa, chai inakuja. Ilikuwa hitilafu ya simu tu, imekwisha."

Hussaina hakumtazama. Alimtazama Bi Malak. "Nimekuuliza, bi mkubwa."

"Chaweka," alisema Bi Malak. Hakuona njia ya kulipamba.

"Kila simu?"

"Kila simu."

Hussaina alihesabu kitu kichwani. "Basi na ile Alhamisi niliyompigia mamangu nikalia," alisema, sasa akimgeukia mumewe, "uliisikia?"

Badruddin aliusukuma waya chini ya karatasi.

"Uliisikia. Na jioni yake ulikaa mezani ukaniuliza chumvi iko wapi."

"Nilidhani..."

"Ulidhani n'ni?"

"Nilidhani unamlilia mtu," alisema Badruddin.

"Nilikuwa namlilia mtu," alisema Hussaina. "Umeniskiza mwezi mzima, hata siku moja hukuniuliza ni nani."

Alipanda ngazi. Walimsikia juu, makabati yanafunguliwa na kufungwa bila haraka. Kaka yake alisema mara mbili, "Lakini bwana amesema imekwisha," akiitazama ngazi. Hussaina aliteremka na begi moja, akapita mapokezi, akamwachia Purity karatasi za maagizo ya kesho, akamweleza ipi iende kwanza. Kisha akashuka, kaka yake akimfuata.

Bi Malak alikusanya orodha yake na miwani yake. Kazi ilikuwa imekwisha na alikuwa ameshinda, na alijihisi vibaya mno. Alipokuwa anashika kitasa, Badruddin alikuwa amekwenda dirishani, amebana paji la uso kwenye nondo.

"Wamepanda tuktuk," alisema. "Wamekunja kuelekea Makadara. Ganjoni si njia hiyo. Bi Malak, wafuate."

"Bwana Badruddin, yuko na nduguye."

"Namuona." Hakugeuka. "Lakini huko waendako kuna nani mwingine?"